Tukitoka Jumuiya, machungwa ya Muheza yatavuka na karatasi ipi?

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu kijana wa chuo aliyeandika hapa kwamba Tanzania ijitoe katika Jumuiya ya Afrika Mashariki "kama Uingereza ilivyojitoa Ulaya", mamlaka yetu yarudi mikononi mwetu. Kaandika vizuri, na kilichomuudhi nakijua. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu kwa kisa cha sumukuvu. Nasi mwaka 2017 pale Namanga tuliteketeza vifaranga 6,400 waliotoka kwao. Mtu akiyatazama hayo lazima aulize kuna umoja gani hapa. Swali lake ni la haki, ila jibu alilolitoa silikubali.

Nilikuwa wakala wa forodha, kwanza bandarini Tanga, baadaye mpakani Horohoro, mpaka macho yalipogoma nikawaachia vijana. Ni kazi ambayo watu hukukumbuka mzigo ukikwama, na hukukumbuka kwa matusi. Nimejaza makaratasi ya mkonge, ya saruji, ya mbao, ya machungwa, ya pweza wa barafu. Kwa hiyo mwanangu anisamehe nikiitazama habari ya mamlaka ya nchi kutokea kwenye dirisha la forodha, maana ndipo nilipokalia kiti.

Kwanza nimtoe wasiwasi: hakuna aliyetufunga. Mkataba wa Jumuiya, ibara ya 145, umeeleza njia ya kutokea. Bunge lipitishe azimio kwa theluthi mbili ya wabunge wote, Katibu Mkuu kule Arusha apewe notisi ya maandishi ya miezi 12, basi. Na kutoka si jambo geni kwetu. Mwaka 2000 tulijitoa COMESA, lile soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, na wengi wa rika la mwandishi hawajui hata kama tuliwahi kuwamo. Hatukuumia sana kwa sababu tulikuwa na pa kwenda: SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika, tulikuwamo, na mkataba mpya wa Jumuiya ulianza kazi Julai mwaka huo huo. Mji wetu wenyewe ndio huu wa Waja Leo Waondoka Leo, kuondoka hakututishi. Ninachouliza ni kitakachotokea kesho yake asubuhi, dirisha likifunguliwa.

Tuchukue machungwa. Msimu ukifika, wanunuzi wa Mombasa na Nairobi huja mpaka mashambani Muheza, huko Mkuzi na Mtindiro, wakiwa na madalali wao. Fuso likijaa linaelekea Horohoro, linavuka Lunga Lunga upande wa Kenya, linashusha soko la Kongowea, Mombasa. Karatasi zake ni cheti cha afya ya mimea na cheti cha uasili kinachothibitisha kwamba chungwa limezaliwa Tanzania. Mzigo ukiwa mdogo, usiozidi thamani ya dola 2,000, na bidhaa yenyewe imo kwenye orodha, kuna cheti rahisi cha uasili kinachogongwa muhuri pale pale mpakani bila kwenda mbali. Ushuru wa forodha ni sifuri. Hiyo sifuri haikushuka na mvua. Ilitokana na Umoja wa Forodha ulioanza Januari 2005, na viwango vikaendelea kushushwa miaka mitano iliyofuata kwa bidhaa za Kenya zinazoingia kwetu, kwa sababu viwanda vyao vilikuwa vimetutangulia.

Tukitoka, Kenya haina sababu ya kutupa sifuri. Itatutoza kama inavyomtoza mgeni, na viwango vya mgeni viko wazi: sifuri kwa malighafi, asilimia 10, asilimia 25, na tangu Julai 2022 kuna daraja la nne la asilimia 35. Matunda yamo kwenye hilo daraja la nne. Sisi wenyewe tulikaa mezani tukalipitisha, kuwalinda wakulima wetu dhidi ya matunda ya nje. Tukijitoa, sisi ndio tunakuwa "nje".

Kuna jambo jingine ambalo nadhani mwandishi hakulifikiria. Kenya haikutoka COMESA. Misri imo COMESA, na Misri ni miongoni mwa nchi zinazouza machungwa mengi kuliko zote duniani. Chungwa la Misri lina haki ya kuingia Mombasa bila ushuru wa forodha. Letu, linalotoka mwendo wa saa chache tu kwa gari, lingewekewa asilimia 35. Mnunuzi wa Kongowea hatailipa hiyo kutoka mfukoni mwake. Ataikata kwenye bei ya shambani, na dalali naye atakata yake juu yake, maana dalali hajawahi kukosa sababu ya kukata.

SADC haitusaidii hapo, Kenya haimo. Eneo huru la biashara la Afrika nzima limeanza tangu 2021, lakini ushuru wake unashuka ngazi kwa ngazi kwa miaka, na chungwa halisubiri.

Wapo watakaosema Tanga sasa haina haja ya kubembeleza mtu. Bandari imechimbwa, meli kubwa zinafunga gatini badala ya kutia nanga mbali na mzigo kuletwa kwa matishari kama zamani zetu. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima linaishia Chongoleani, kilomita 1,443, Uganda itatuhitaji tu. Kweli kabisa. Lakini bomba lina mikataba yake mahususi, iliyosainiwa na marais na kampuni kubwa, na ingeendelea kusimama hata bila Jumuiya. Mama anayevusha tenga lake la machungwa hana mkataba na rais yeyote. Mkataba wake ni ule wa Jumuiya.

Najua jibu: tutakaa na Kenya, tuandikiane mkataba wetu wa nchi mbili. Hapo ndipo Uingereza inapokuwa na la kutufunza, na mwandishi ndiye aliyeileta.

Walipiga kura 23 Juni 2016, asilimia 51.9 wakataka kutoka. Walitoka rasmi 31 Januari 2020, wakabaki na masharti yale yale mpaka mwisho wa mwaka huo. Mkataba wa biashara ulipatikana mkesha wa Krismasi, wiki moja kabla ya muda kwisha. Hiyo ni nchi tajiri, yenye wanasheria wa kumwaga, na ilitumia miaka minne na nusu. Walipata walichokitaka kwenye kichwa cha habari: hakuna ushuru, hakuna viwango vya ukomo. Chini ya kichwa cha habari ndiko kwenye kazi yangu. Ushuru ni sifuri, lakini thibitisha kwanza kwamba bidhaa ni ya Uingereza kweli. Ukichukua nguo iliyoshonwa nchi nyingine, ukaihifadhi ghalani kwako, ukaiuza Ufaransa, unalipa. Nyama inataka saini ya daktari wa mifugo. Mamlaka yao ya kodi ilikadiria kwamba biashara na Ulaya ingehitaji matamko ya forodha zaidi ya milioni 200 kwa mwaka ambayo zamani hayakuwapo. Wenye malori wakasema wanahitajika watu 50,000 wa kuyajaza. Nilipoisoma habari ile nilicheka mpaka mke wangu akaja kuniangalia. Nchi imeondoka ikilalamikia urasimu wa Brussels, na kesho yake inatafuta mawakala wa forodha kwa maelfu! Ningekuwa kijana ningepeleka barua ya maombi.

Wavuvi wao ndio waliotajwa sana kwenye kampeni, na kwa mtu wa pwani hiyo ni habari ya kufuatilia. Waliahidiwa bahari yao. Mkataba ukasema robo ya thamani ya samaki ambao meli za Ulaya zilikuwa zikivua katika maji ya Uingereza ihamie kwa Waingereza kidogo kidogo mpaka Juni 2026. Muda ule ulipokaribia, Mei 2025, serikali yao ikakubali meli za Ulaya ziendelee kuingia mpaka 2038. Si kwamba walisahau bahari ni yao. Samaki wengi wanaovuliwa na Waingereza huliwa Ulaya, na mvuvi asiye na mnunuzi ana maji tu. Wale wa kome na chaza waliona mapema zaidi: tangu Januari 2021, waliokuwa wakivuna kwenye maji yasiyo ya daraja la kwanza walizuiwa kuwapeleka Ulaya wakiwa hai kabla ya kusafishwa. Kanuni yenyewe haikuwa mpya. Ilikuwepo siku zote kwa watu wa nje, na wao walisaidia kuitunga walipokuwa ndani.

Mwezi huo huo wa Mei 2025, katika mkutano wao na Ulaya pale London, walikubaliana jambo ambalo lingefaa kusomwa mara mbili. Uingereza itaelekea kwenye makubaliano ya kufuata kanuni za Ulaya za afya ya vyakula na mimea, kanuni zikibadilika nayo ibadilike, ili makasha yasifunguliwe na vyeti vipungue. Zamani ilikuwa na waziri wake kwenye meza ya kutunga kanuni hizo, na wabunge wake katika Bunge la Ulaya, Strasbourg. Sasa itazifuata, lakini kura haina. Sasa, Mhariri, hayo ni mamlaka yaliyoongezeka au yaliyopungua?

Ireland ya Kaskazini nitaigusa kidogo, kwa sababu ya ndugu zetu Wadigo, walio pande zote mbili za mpaka wetu na Kenya. Pale mpaka unapita katikati ya watu wa damu moja, na mkataba wa amani wa 1998 uliondoa askari na vizuizi. Ili wasirudishe vizuizi pale, mstari wa forodha ukasogezwa baharini, baina ya kisiwa kikuu cha Uingereza na Ireland ya Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Uingereza hiyo hiyo. Walibishana mpaka 2023 ndipo wakarekebisha, na mstari haujafutika wote. Mtu wa Jasini kwetu ambaye shangazi yake yuko Vanga, Kenya, haelezwi hili mara mbili.

Lakini tusiwe wanafiki, kuna walichopata. Wanajipangia ushuru wao kwa nchi za mbali. Wameingia kwenye umoja wa biashara wa nchi za Pasifiki Desemba 2024. Marekani ilipotangaza ushuru wake Aprili 2025, Uingereza ilipangiwa asilimia 10 na Umoja wa Ulaya 20, na hiyo ni tofauti ya kweli kwa mwenye kiwanda. Mtu akiniambia uhuru wa namna hiyo una thamani, sibishi. Nabisha akiniambia hauna gharama, au kwamba gharama italipwa na Wakenya.

Na sisi hatujawahi kuwa wanachama wa Umoja wa Ulaya hata kwa siku moja, lakini mwaka 1999 Ulaya ilipofunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya uvuvi wa sumu, viwanda vya Mwanza vilisimama. Tukarekebisha maabara, mialo na wakaguzi kwa masharti yao, ndipo sangara akasafiri tena. Pweza wetu wa Tanga anakwenda Ulaya kwa masharti hayo hayo mpaka leo. Hakuna aliyesema tumepoteza uhuru. Tulikuwa tunauza, na mnunuzi ndiye aliyeweka sharti.

Yaliyotokea 1977 naweza kuyasema bila kitabu. Baba yangu alikuwa karani wa Reli ya Afrika Mashariki, Mombasa, na mimi nilikuwa nasoma huko. Reli ilikuwa na makao Nairobi, bandari Dar es Salaam, posta Kampala, ndege Nairobi. Marais watatu walikuwa hawakai meza moja tangu Amin alipopindua 1971, na Tanzania ililalamika, kwa haki, kwamba viwanda na faida vinalala Kenya. Hakuna aliyetoa notisi ya miezi 12. Februari 1977 mpaka ukafungwa, ndege nyingi zikiwa upande mmoja, na kufika Julai bajeti ya Jumuiya haikupitishwa, ikafa. Tulirudi Tanga na vitu vilivyoingia kwenye masanduku mawili ya mbao na kabati moja lisilo na milango. Milango ilibaki kwa jirani pale Mombasa na nadhani iko huko mpaka leo.

Mpaka ule ulifungwa mpaka Novemba 1983. Kwenye karatasi, nchi haijawahi kuwa na mamlaka kamili juu ya mpaka wake kama miaka ile: hapakuwa na cheti cha mtu, hapakuwa na masharti ya jirani, hapakuwa na kikao cha Arusha. Nenda sasa kaulize wazee wa Moa na Jasini jinsi sabuni, kanga na dawa ya meno zilivyokuwa zikifika. Zilipita mikokoni usiku kwa ngarawa. Njia za panya zilikuwa na ratiba nzuri kuliko gari moshi. Serikali ilikusanya sifuri, na hii haikuwa ile sifuri ya cheti cha uasili. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Sokoine alipoanzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi, watu hapa Ngamiani walimwaga sukari chooni kwa woga wa kukutwa nayo.

Mali ya Jumuiya ile ilichukua miaka kugawanywa. Aliletwa Mswisi, Victor Umbricht, akapiga hesabu za injini, majengo na madeni, na makubaliano yakasainiwa Arusha Mei 1984: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Wazee waliofanya kazi Jumuiya ndio waliofika mwisho kwenye foleni. Kesi za mafao yao ziliburuzwa mahakamani hapa nchini miaka zaidi ya 20 baada ya mgawo ule. Baba alipata kiasi, akawa anadai kiasi. Sitasema zaidi.

Ninachotaka mwandishi akione ni hiki: mamlaka anayoyatafuta nje tumeshayatumia tukiwa ndani. Mwaka 2016 Jumuiya nzima ilitakiwa kusaini mkataba wa ubia wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya. Kenya ilikuwa na haraka, na tuwe waadilifu, ilikuwa na sababu: yenyewe haimo kwenye kundi la nchi zenye maendeleo duni, bila mkataba maua yake yangetozwa ushuru. Sisi tumo kwenye kundi hilo, tunauza Ulaya bila ushuru, na tuliona viwanda vyetu vichanga vingekandamizwa. Tena Uingereza ilikuwa ndiyo kwanza imepiga kura ya kutoka, soko lenyewe tunaloambiwa tulisainie lilikuwa linagawanyika. Mzee Mkapa, rais wetu wa zamani, aliupinga mkataba ule hadharani, Bunge likajadili, tukakataa. Kenya na Rwanda zikasaini Septemba. Baadaye Kenya ikasaini peke yake na Uingereza Desemba 2020, kisha, kwa ridhaa ya Jumuiya, na Ulaya Desemba 2023. Kila mmoja akafanya lake na Horohoro pakabaki wazi. Hakuna mtu aliyetulazimisha kitu.

Mali, Burkina Faso na Niger zimetoka ECOWAS, jumuiya ya Afrika Magharibi, Januari 2025, na vijana wengi mitandaoni wanazishangilia. Zina sababu zao za kisiasa na kiusalama ambazo mimi siwezi kuzihukumu nikiwa Tanga. Ila hata hizo, zilipotoka huku, hazikutoka kule: zimebaki kwenye umoja wa fedha na wa forodha wa nchi za faranga ya CFA, pamoja na Ivory Coast, Togo na Benin zenye bandari. Waliotoka kwa hasira wamejua pa kuishikia hasira.

Hasira ya mwandishi ipelekwe inapostahili. Ushuru ni sifuri, lakini njiani kuna vizuizi vya barabarani, kuna tozo za halmashauri, kuna lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo, inayomnyonya mkulima kabla hata ya mpaka kuonekana, kuna maofisa wa pande zote mbili wanaokataa cheti cha mwenzao na kutaka chungwa lipimwe upya. Nimewahi kushuhudia mzigo wa mteja wangu ukioza kwa kubishaniwa muhuri. Hivyo havikuletwa na Jumuiya na havitaondoka tukijitoa. Vingine ni vyetu wenyewe, hapa hapa mkoani.

Na kina mama wanaovusha mizigo midogo, wengi hawajawahi kuambiwa kwamba kile cheti rahisi kipo. Wanampa mtu wa bodaboda pesa awapitishie pembeni, kwa bidhaa ambayo ingepita mbele bila ushuru. Naomba wahusika wachapishe orodha ya bidhaa zinazostahili cheti hicho, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, waibandike kituoni Horohoro na sokoni Muheza, na pembeni ya kila karatasi waandike gharama yake halali.

Wakala wa forodha mstaafu,
Ngamiani, Tanga